Nati ya Mzungu wa Nyumbu

Jumatatu, 1 Septemba 1975

Asubuhi tulivu. Majani yanaungua mbali upande wa hifadhi, moshi umelala chini, jua jekundu kama kiini cha yai la kienyeji. Nimeamka nikiwa dereva. Ndotoni, yaani. Kiwiko nje ya dirisha, upepo unaingia kwenye mkono wa shati, mbuzi wanapisha njia wenyewe. Halafu Agustina, mke wangu, akanitikisa. Ghala halijafunguliwa, watu wanasubiri majembe. Mimi ni karani wa ghala la kijiji. Kwa sasa.

Dereva ni Machage. Kwa nini Machage? Kwa sababu ana leseni, anasema Mzee Tomaso, mwenyekiti wetu. Leseni! Karatasi! Mimi nina moyo wa dereva.

Gari lenyewe ni Landrova tuliyoachiwa na mzungu aliyekuwa akihesabu nyumbu kule Ikoma. Sijui kama waliisha au alichoka yeye. Kila gurudumu lina nati nne za kawaida na moja ya kufuli. Hiyo ya kufuli ni ya mviringo, laini, haishikwi na spana yoyote. Usoni imechongwa mfano wa ua, na haifunguki mpaka uipachike kichuma chenye ua la namna hiyo hiyo. Kwao watu huiba magurudumu, alituambia. Tulimwonea huruma.

Leo, Machage akinywa uji, nimekichukua kichuma hicho chini ya kiti. Siku gari likipata pancha, atahangaika mbele ya kamati nzima. Ndipo nitajitokeza mimi, taratibu, bila kuhema, nacho mkononi. Watajiuliza wenyewe nani anafaa kukabidhiwa gari.

Jioni. Pancha! Leo leo! Mwiba wa mgunga, gurudumu la mbele kushoto, juu kabisa ya mteremko wa shule. Machage amepekua kila pembe ya gari. Amepekua hata kofia yake. Kichuma kimetulia mfukoni mwa shati langu. Ushindi uachwe uive. Kesho, kamati ikikaa.

Jumanne, 2 Septemba

Agustina amefua shati.

Nimemuuliza, kwa sauti ya mtu asiye na shida yoyote, kama mfukoni kulikuwa na kitu. Amesema alisikia kitu kikidondoka majini, chubwi, akadhani ni jiwe. Mume gani anatembea na jiwe mfukoni, nikamuuliza. Akanitazama muda mrefu.

Nimeshinda mtoni. Nilipapasa matope kwa miguu, kisha kwa mikono, kisha sikumbuki. Maji ya Septemba ni machache na ya uvuguvugu. Visamaki vilikuwa vinanidonoa vifundo vya miguu kwa upole sana. Kereng'ende wa bluu alitua kwenye goti langu. Nikajiona naendesha gari chini ya maji, samaki wanapisha. Nilipozinduka jua lilikuwa limehama na nilikuwa nimeshika kijiko cha mtu.

Mzee Tomaso alipita na ng'ombe. Nikamwamkia shikamoo nikiwa nimezama mpaka kiunoni. Akauliza nafanya nini. Nikajibu napima kina cha maji kwa ajili ya maendeleo ya kijiji. Amefurahi. Ameniingiza kwenye kamati ya maji.

Nyumbani nikakuta habari. Madaktari wa macho wamefika hospitali ya Mugumu, wataondoka Jumamosi jioni. Mama mkwe wangu, mama Nyangi, ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Tangu mwaka juzi anaona mwanga na kivuli tu. Mjukuu wake Rubeni, mtoto wetu anayeanza kusimama dede, hajawahi kumwona uso. Basi ameshafunga kifurushi chake. Amekaa nacho mlangoni tangu mchana, ameelekeza uso upande lilipo gari.

Sidhani kama nitalala vizuri usiku huu.

Jumatano, 3 Septemba

Nina akili kuliko kufuli!

Machage alitaka mama apelekwe kwa mkokoteni wa ng'ombe. Safari ni ndefu, alisema, wakianza kesho watafika kwa wakati. Nikakataa katakata. Mama mkwe wangu arushwe juu ya mawe na mgongo ule, wakati mkwe wake ana risasi inayoyeyuka motoni?

Maana hii ndiyo hesabu yangu. Nilikanda nta ya nyuki, nikaigandamiza usoni mwa nati. Ikatoa ua zima, zuri mno. Nikatengeneza kalibu ya udongo wa mfinyanzi. Nikayeyusha risasi ya betri mbovu kwenye kopo la maziwa, nikamimina. Risasi ikiyeyuka inapendeza. Inatetemeka, ina anga ndani yake. Niliiangalia mpaka Agustina akaja kuuliza mbona uji wa mtoto umeungua karibu na mkono wangu.

Ufunguo ukatoka unang'aa. Nikapanda nao mteremkoni, watu nyuma yangu kama harusi. Nikaupachika. Ukaingia bila kelele. Nikasema machache kuhusu kujitegemea. Nikazungusha.

Ufunguo ulizunguka. Nati haikuzunguka. Risasi ilikuwa laini kama ugali wa jana, ua lote likalainika, nikabaki nimeshika kitu chenye umbo la kidole gumba. Machage aliinama kana kwamba anafunga kamba ya kiatu. Amevaa kandambili.

Halafu nyuki wakaja kufuata nta. Mkutano ukavunjika.

Alhamisi, 4 Septemba

Machage amepata wazo, na ninakiri lilikuwa wazo la kawaida tu. Ameazima tindo na nyundo kwa waashi wa kanisa. Tindo inasimamishwa ukingoni mwa nati kwa mshazari, unapiga, nati inasogea kidogo kidogo mpaka inaachia. Alipiga mara kadhaa. Haikusogea, lakini tindo ilianza kuuma. Palipatikana kidonda kidogo ukingoni, pa kushikia.

Niliona watu wanavyomtazama. Mzee Tomaso alikuwa amevua kofia. Moyo ukaniuma. Nikasema pumzika, ndugu yangu, umechoka, lete. Akasita, akanipa.

Nikapiga kwa nguvu zangu zote. Nati ikasogea! Nikapiga tena. Ikasogea tena! Watu wakapiga vigelegele, nami nikapiga mpaka jasho likanifumba macho, nikasikia mlio wa injini, nikaona barabara ya Musoma imenyooka mbele yangu.

Machage aliposhika mkono wangu alikuwa ananong'ona.

"Filemoni. Unakaza."

Nilikuwa nimepiga kuelekea kulia.

Sasa kidonda kimekatika, ukingo wote ni laini, hapana pa kuweka tindo tena. Nati imebana kuliko ilivyobanwa na mzungu mwenyewe. Nimejigonga kidole pia, lakini hakuna aliyeuliza.

Mkokoteni wa ng'ombe umeondoka mchana kufuata matofali.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimekaa ndani ya Landrova tangu asubuhi, nikifikiri. Kiti cha dereva kina harufu ya ngozi na mafuta. Kioo kina vumbi, kwa hiyo kijiji chote chini ya mteremko kinaonekana cha dhahabu. Ukikaa vizuri, ukiacha kupepesa, nyumba zinaanza kusogea polepole kuja kwako.

Nilisikia sauti ya Agustina. Alikuwa amemshika mama yake mkono, wanapanda. Kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni, wala hasimami mbele yake bila sababu. Nikateleza nje upande wa pili, nikaingia uvunguni.

Mama Nyangi alitaka kuligusa gari. Akapapasa boneti, taa, akafika kwenye gurudumu. Kiganja chake kikatulia juu ya nati. Niliona miguu yake tu, nyufa za visigino zimejaa vumbi jeupe. Kisha akamwambia Agustina, kwa sauti kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika:

"Mwambie baba Rubeni asijichoshe. Giza nimelizoea. Nilitaka tu kujua mtoto amechukua sura ya nani. Wote mnasema amefanana na marehemu babu yake, lakini watu husema hivyo ili kumfurahisha mzee."

Agustina akasema atamwambia.

"Na mwambie huko chini aangalie siafu."

Nililala pale uvunguni muda mrefu baada ya wao kuondoka. Vumbi lilikuwa jingi. Macho yalitoka maji. Siafu pia walikuwepo.

Ndipo likanijia. Dereva mmoja wa lori pale Musoma aliwahi kunieleza: nati moja ikigoma, legeza zile nzuri zote, kisha tembeza gari polepole. Uzito wa gari utaitikisa ile kaidi mpaka ilegee yenyewe. Nikamkimbilia Machage. Amekasirika kweli kweli. Alisema boliti zitakatika, gurudumu litachomoka, na shingo yangu italifuata. Akaondoka na ufunguo wa kuwashia gari, ameuvaa shingoni.

Ufunguo wa kuwashia! Nani anahitaji kuwasha gari lililo juu ya mteremko?

Jumamosi, 6 Septemba

Naandika nikiwa Mugumu, chini ya ukuta wa hospitali.

Alfajiri kulikuwa na ukungu. Kijiji hakikuonekana, ni vilele vya migunga tu vimeelea. Nikalegeza zile nne. Nikazilegeza sana, kwa uhakika. Nikaingia, nikatoa gia, nikashusha breki ya mkono.

Kwanza hakikutokea kitu. Kisha jiwe moja lilipasuka chini ya tairi, na dunia ikaanza kuja.

Hakuna mtu atakayeniamini, lakini haikuwa na sauti. Hakuna injini, ni hewa tu na majani yakipapasa tumbo la gari. Ukungu ulinifungukia mbele na kujifunga nyuma. Nikatoa kiwiko nje ya dirisha. Umande ukanilowesha. Swala walisimama pembeni wakanitazama, nikawapungia. Nilidhani nimekufa, na sikujali.

Halafu gari likainama kushoto, na gurudumu likanipita.

Lilikuwa linakwenda vizuri sana, wima, bila haraka. Lilivuka njia ya ng'ombe, likaruka tuta, likaingia shamba la mihogo, ukungu ukalimeza. Nami nikaendelea na magurudumu yaliyobaki, chuma kikilima mchanga, mpaka nikasimama kwenye miiba ya zizi la Mzee Tomaso. Ng'ombe hawakuinuka.

Machage alifika akiwa amejifunga shuka. Nilijua atanipiga. Alichungulia palipokuwa na gurudumu. Boliti ya nati ya kufuli ilikuwa imekatika, nati imeenda nayo. Zile nyingine nne zilikuwa zimesimama, zimekwaruzika tu. Akakaa chini. Akacheka mpaka akalia, akapangusa macho kwa shuka, akasema lete jeki.

Nati nne zilikuwa zimetawanyika mteremko mzima, hatukuzitafuta. Aliazima moja moja kutoka magurudumu mengine, akafunga tairi la akiba. Jua lilikuwa halijapanda Landrova ilipounguruma.

Mama Nyangi alikaa mbele na kifurushi chake. Mimi nilikaa nyuma juu ya magunia, nimempa kisogo kwa heshima, nikiiangalia barabara ikituacha. Vumbi liliinuka kama pazia. Kila tulipofika kwenye kona nilisikia anamuuliza Agustina tumefika wapi, na Agustina anamwambia: pale kuna twiga, mama, pale kuna mto mkavu. Twiga hakuwepo. Sikumsahihisha.

Tulifika madaktari wakiwa wanafungasha vyombo. Mmoja aliuliza kama ni wa mwisho. Machage akasema ni wa mwisho, daktari, na mpaka kufika hapa gurudumu lilitangulia. Hakuelewa, lakini alifungua sanduku lake tena.

Jumatano, 10 Septemba

Mganga wa zahanati amekuja kuondoa bendeji za mama Nyangi uani kwetu. Watu wengi. Mimi nilisimama nyuma ya jiko, panapostahili.

Kisha nikamsikia mama mkwe akipumua kwa kishindo kidogo, kama mtu aliyetia mguu kwenye maji baridi. Akaomba mtoto. Wakampa Rubeni. Akamtazama. Akamgeuza huku, akamgeuza kule. Mtoto akamshika pua.

"Mlinidanganya," akasema. "Hakufanana na babu yake hata kidogo. Mzuri hivi!"

Watu walicheka, wengine walikuwa wanalia. Nikachungulia mara moja tu. Alikuwa anaangalia angani, kwenye moshi, mdomo wazi kama msichana. Halafu akanigeukia. Nilikimbia. Agustina ananiambia mama aliuliza yule mtu mrefu anayekimbia ni nani, na alipojibiwa ndiye mkwe wako, akasema basi, mtoto ametufuata sisi.

Jioni kamati ilikaa. Hakuna anayejua habari za mtoni, na sikuona haja ya kuwachosha. Machage amethibitishwa kuwa dereva. Sawa. Kisha Mzee Tomaso akasimama, akasema Filemoni alichukua hatua wakati wengine wanaongea. Makofi! Amenipa mimi kazi ya kuziondoa nati tatu za kufuli zilizobaki, kabla pancha nyingine haijatukuta. Machage aliinua mkono kutaka kusema kitu. Muda ulikuwa umekwisha.

Tangu kikao nimetembea mpaka giza nikitafuta mahali. Mteremko wa shule ni mfupi, gari halipati nafasi ya kutulia. Na safari hii nitalegeza magurudumu yote matatu kwa pamoja, kuokoa muda. Nimeupata mlima mwingine ng'ambo ya mto. Mrefu, umejaa nyasi, asubuhi ukungu unaukumbatia mpaka kiunoni. Hauna hata nyumba moja.

Isipokuwa ya Machage, kule chini kabisa.