Namba Nne, Chini ya Dirisha Langu

Jumatatu, 3 Machi

Binti yangu anarudi Ijumaa, baada ya miaka sita! Mama hatulii tangu asikie. Siku mjukuu wake alipoondoka, ndege yake ilikuwa nyuma ya ghala la mizigo. Mama alisimama dirishani ofisini kwangu akapungia mkono ndege nyingine kabisa. Alipoambiwa, alilia mpaka nyumbani. Safari hii anataka kumwona akishuka ngazi kwa macho yake mwenyewe. Nimemwambia aniachie mimi. Si mimi ninayepanga maegesho ya ndege?

Mimi na mwenzangu wa kazi, Bwana Kipimo, kwa bahati mbaya.

Jumanne, 4 Machi

Mkuu wetu kauliza ndege zitaegeshwa wapi saa za msongamano. Nafasi hiyo! Nikashika kalamu. Ndege nane kwa saa, kila moja inakaa saa moja na nusu. Yanahitajika maegesho kumi na mawili. Mbele ya jengo tunayo kumi. Basi nikatunga kanuni: kubwa mbele ya jengo, ndogo zote nyuma ya ghala. Ndege ya binti yangu ni kubwa. Na kubwa ya saa nne asubuhi inaangukia namba nne, chini ya dirisha langu. Imetokea tu.

Jumatano, 5 Machi

Bwana Kipimo kanuna. Mtu huyu hubeba futi kamba hata akienda kunywa chai. Kauliza kwa nini namba nne nimeizungushia duara jekundu mara tatu. Nikamjibu ni utaalamu. Akaenda juani kupima nafasi kati ya mabawa, anikamate. Karudi amelowa jasho: zinatosha! Mkuu katia saini, kaagiza kanuni ifuatwe bila kupendelea ndege ya mtu yeyote. Nilikuwa wa kwanza kupiga makofi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeleta kiti chenye mto. Nimefuta kioo mara mbili. Mama kapiga simu kuuliza kama dirisha linafunguka. Halifunguki. Nimemwambia tutaona.

Ijumaa, 7 Machi

Saa tatu, simu. Abiria ni wachache, shirika limebadilisha ndege. Inakuja ndogo!

Nikamkimbilia Bwana Kipimo, nikamsihi tulegeze kanuni leo tu. Akanionyesha saini ya mkuu. Ndogo, nyuma ya ghala. Akauliza nina nini. Nikamweleza yote, hata machozi ya Mama. Akachukua futi kamba yake akatoka. Hana moyo kabisa!

Mama alikuwa ameshafika, amekaa kitini dirishani; sikuthubutu kumwambia. Kanuni yangu mwenyewe ikaipa namba nne ndege kubwa ya mizigo. Mama akainuka kitini, na magoti yake mabovu, akapunga kwa nguvu zake zote. Rubani naye akapunga! Nilitamani ardhi inimeze.

Mara mlango nyuma yetu ukafunguka. Bwana Kipimo, anahema, begi la binti yangu begani. Kumbe alikuwa amekwenda kumpokea kule ghalani, akampandisha kwa ngazi za wafanyakazi. Binti yangu akanikonyeza. Akaenda kusimama kando ya bibi yake, naye akaanza kupunga. Akauliza wanampungia nani. Mama, macho kwenye ndege, akasema mjukuu wake yumo mle.

Kisha akageuka.

Nimelia, sioni haya kuandika. Bwana Kipimo yeye alikuwa anapima dirisha, bila sababu yoyote.

Jumapili, 9 Machi

Binti yangu anaondoka Jumapili ijayo. Wiki moja tu! Mama kauliza kwa upole kama ndege haiwezi kukaa hata siku moja zaidi. Nimeshika kalamu. Ndogo ikiwa nyuma ya ghala, kubwa ikaegeshwa pale njia yake ya kutokea inapoanzia, saa moja na nusu, halafu ije kubwa nyingine...

Bwana Kipimo kaja nyumbani kuwasalimu, kachungulia daftari, kasema nimesahau urefu wa mkia. Kaondoka, futi kamba kaiacha mezani.

Nimemwambia Mama aniachie mimi.