Ngomeni na Shemeji Mehboob

Jumamosi, 5 Oktoba 1996. Markham, Kanada.
Balaa! Mehboob naye anakwenda Japani! Tena ndege moja na mimi! Nani kamwambia? Zebunissa, mke wangu, anasema kamwambia yeye, kwani Mehboob si kaka yake? Mzee Ogiso wa Nagoya anatafuta wakala wa kupeleka magari yake yaliyotumika Dar. Wakala mmoja tu! Nikiukosa uwakala huu, duka la vipuri nalifunga. Zebunissa kaniomba niende kwa amani. Nimemwahidi. Njama nitaifikiria ndani ya ndege.

Jumatano, 9 Oktoba. Nagoya.
Mzee Ogiso anasema kesho ni sikukuu, hakuna biashara. Atatupeleka Inuyama, mji wa kale wenye ngome, tutarudi jioni. Mehboob kafurahi kweli. Hajaelewa kwamba huu ndio usaili wenyewe.

Alhamisi, 10 Oktoba. Inuyama.
Sijapata kuona! Ngome nzima juu ya kilima, na kumbe ni mali ya familia moja! Nikauliza kama wanauza. Mzee Ogiso akatutangulia kwenda kukata tiketi.

Mlangoni unavua viatu, unapewa mfuko, unavibeba mwenyewe. Ngazi zimesimama wima, nimepanda kwa magoti. Juu kabisa kuna roshani yenye kizuizi kifupi, chini yake wazi. Tukaweka mifuko chini tupige picha. Nikaona nafasi. Nani atamkabidhi magari mtu anayetembea pekupeku mjini? Nikausukuma mfuko wa Mehboob kwa kisigino. Ukaenda, ukapotelea msituni bondeni!

Mungu wangu! Ulikuwa wa Mzee Ogiso!

Nikasingizia upepo. Tulipofika chini Mehboob akapiga magoti, akamvalisha mzee viatu vyake mwenyewe, kisha akapita mtaa mzima wa kale na soksi tu. Mzee machozi yakamlengalenga. Mimi nilieleza kwamba vyangu vinabana.

Ijumaa, 11 Oktoba.
Uwakala kapewa Mehboob. Sijala.

Jumanne, 15 Oktoba. Markham.
Nimeduwaa! Mehboob kaja na mkataba, anataka tugawane biashara nusu kwa nusu. Eti sisi ni ndugu, na hataki duka langu lifungwe. Nani hugawa nusu bure? Lazima kuna mtego! Nimekataa papo hapo. Zebunissa akaniangalia, akachukua kalamu, akasaini yeye.

Sasa wapinzani wamekuwa wawili. Nitaanza na huyu wa humu ndani.