Chupa ya Bei ya Mbuzi Wawili

Jumatatu, 13 Januari 2025. Mji Mkongwe, Unguja. Mwaka mmoja na miezi mitano tangu niondoke Hombolo, Dodoma.

Mabega yamekufa. Leo nimesukuma kreti za mvinyo tangu asubuhi. Gari haliingii kwenye vichochoro vya hoteli, kwa hiyo naingia mimi na mkokoteni. Nusu ya kreti zimetoka ng'ambo kwa Wazungu, nusu zimetoka kwetu Dodoma. Begani uzito ni ule ule. Bei si ile ile! Sabri, mhudumu wa kule juu darini, ameniambia chupa moja ya ng'ambo inauzwa kwa pesa ambazo Hombolo unapata mbuzi wawili, na jogoo juu yake. Nimemwambia aache uongo. Ameniuliza mbara wa kubeba mizigo anajua nini kuhusu mvinyo. Nimemwambia nimekulia kwenye zabibu. Amesema hata panya amekulia stoo, lakini hakuna anayemuuliza bei ya mchele.

Sabri mwenyewe ni Mwislamu safi. Tone halijawahi kugusa mdomo wake. Anauza kwa maneno tu!

Jioni mke wangu Merina amepiga simu. Habari mbaya. Baba yake, Mzee Chitema, amechoka na mizabibu. Wanunuzi wanampa bei ya soda. Anataka kung'oa shamba lote amkodishe mwenye trekta alime alizeti. Shamba lile! Alituahidi robo yake iwe yetu siku nitakayorudi. Mizabibu ikienda, hakuna cha kurudia. Nitabaki punda wa kisiwani.

Lakini Mzee ameweka sharti. Kabla hajang'oa, anataka kuonja huo mvinyo wa bei ya mbuzi. Ukiwa unaushinda wa kwetu kweli, anang'oa. Ukiwa sawa na wa kwetu, anaacha, maana kosa si la zabibu zake, ni la wanunuzi. Amesema mkwewe si yuko hotelini? Basi atume chupa. Kama kweli yuko hotelini, amesema.

Hilo "kama kweli" limeniuma kuliko mabega.

Jumanne, 14 Januari

Mungu hamtupi mja wake. Nimepata chupa!

Akili yangu mwenyewe. Kuna bibi wa Kizungu alikuwa anahamia Paje, na nilimwona jana akipakia chupa ile ile kwenye sanduku. Leo nimelibeba sanduku hilo kushuka ngazi. Nikaguna. Nikaguna kila ngazi, na kwenye kona nikaegemea ukuta nikafumba macho. Bibi wa watu akaogopa nitamfia. Akafungua sanduku apunguze uzito. Kwanza akatoa kitabu. Nikaguna zaidi. Akatoa viatu. Nikakaa chini kabisa. Akatoa chupa, akanipa, akanipigapiga mgongoni. Kisha akarudisha kitabu na viatu.

Sabri ameipokea kwa mikono miwili kama mtoto wa siku saba. Amesoma lebo polepole. Amesema ndiyo yenyewe, bei ya mbuzi. Akaniusia: ilale ubavu, isipigwe jua, isitikiswe. Nimemwambia sawa. Sikumwambia kwamba imeshavuka mawe yote ya Mji Mkongwe ndani ya mkokoteni, imefungwa kwenye shati langu.

Chumbani kwangu haiwezekani kuilaza. Nimepanga Jang'ombe kwa Bi Maisara, mjane, mtu mwema sana, na sharti lake ni moja tu. Siku ya kwanza aliniambia dini yangu ni yangu, jikoni nipike nitakacho isipokuwa kile tunachokijua, lakini chupa ya ulevi ikivuka kizingiti chake basi na mimi nitakivuka, kuelekea nje. Nimeificha stoo ya hoteli, chini ya magunia matupu.

Jumatano, 15 Januari

Nimeanza kuogopa. Itakuwaje kama mvinyo huu ni mtamu kweli? Nitakuwa nimempelekea Mzee shoka la kukatia shamba langu mwenyewe.

Nimeamua kuujaribu kwanza. Nimenunua chupa ya Dodoma kwa kulinganisha. Stoo, saa sita mchana, vikombe viwili vya plastiki. Kizibo cha Kizungu kimekataa kutoka. Nimekipiga kwa msumari. Kimeingia ndani! Kinaelea humo kama chura kisimani.

Nimemimina. Kulia wa Wazungu, kushoto wa kwetu. Nimeonja kulia. Ulimi umejikunja. Nimeonja kushoto. Umejikunja vilevile, labda kwa upole zaidi. Nilikuwa karibu kabisa kuujua ukweli. Ndipo Bi Rukaiya, mkuu wa stoo, akaniita kwa nguvu. Naam! Nimekwenda kushusha gunia la barafu. Niliporudi nikakaa upande wa pili wa meza.

Sasa kulia ni kupi? Kulia kwangu kwa mwanzo au kulia kwangu kwa sasa? Nimeonja tena vyote viwili. Sijui. Nimenusa. Sijui. Nimetazama rangi kwenye mwanga wa mlango. Nyekundu na nyekundu.

Kwa hiyo kwa ulimi wangu ni sawa. Bei ya mbuzi wawili yote imo kwenye karatasi ya lebo. Nimefurahi mno, nimemaliza vikombe vyote viwili.

Alhamisi, 16 Januari

Furaha imeisha. Ulimi wangu si ulimi wa Mzee. Mzee Chitema akila zabibu anakwambia imetoka shamba la nani na mwaka ule mvua ilikuwaje. Yeye tofauti ataiona.

Lakini nimepata dawa. Dawa kubwa! Nitamimina mvinyo wa Dodoma ndani ya chupa ya Wazungu. Mzee ataonja, atakuta ni ule ule wa kwetu, atasema kumbe Wazungu hawatuzidi kitu. Shamba limepona. Wala si uongo mkubwa. Nimeshaonja mwenyewe, ni sawa.

Shida ilikuwa kizibo. Nimemwendea Sabri na kumweleza yote. Amecheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Amesema wabara tuna akili, ila zinatembea kinyumenyume. Lakini vizibo anavyo, na mshumaa wa kuzibia anao. Hakutaka malipo. Alitaka jambo moja. Amesema mwaka wa sita huu anawaambia wageni mvinyo huu una ladha ya matunda ya porini, tumbaku na ngozi, maneno aliyofundishwa, na hajui kama anasema kweli au anatukana watu. Ameniomba nimwambie kwa haki ya Mungu una ladha gani.

Sijawahi kuulizwa swali gumu hivyo. Nimefikiri. Nimemwambia ni kama zambarau ambayo haijaiva sawasawa, unaila na njaa, halafu mtu anakuletea habari nzuri. Sabri amesema hiyo anaielewa. Akakivuta nje kwa kitanzi cha uzi kile kizibo kilichozama, nikamimina wa Dodoma, akaziba chupa, akaifuta, akaitazama, na akasema hata mwenyewe aliyeitengeneza angedanganyika.

Umebaki ule wa Wazungu uliotoka kwenye chupa. Kumwaga kitu cha mbuzi wawili ni dhambi. Nimeunywa.

Magharibi nimefika kwa Bi Maisara nikitembea kwa uangalifu mkubwa. Nikasema shikamoo. Akasema marahaba, kisha akaniuliza leo nimejipulizia manukato ya duka gani. Nikasema ni jasho, Bi Maisara. Akasema jasho la mzabibu? Akafunga mlango. Nikakaa kwenye baraza na mbu. Baada ya muda mlango ukafunguka kidogo. Ukatoka mkono na sahani ya mihogo ya nazi. Akasema chupa haijavuka kizingiti, kwa hiyo hanifukuzi, lakini tumbo langu ndiyo chupa ya leo, na chupa hailali kwake. Nimelala barazani. Mihogo ilikuwa mizuri.

Ijumaa, 17 Januari

Chupa imeondoka! Jamaa wa kwetu aliyekuwa akijenga Kidichi anarudi nyumbani. Boti ya leo, treni ya kesho. Nimemfungia chupa kwenye suruali yangu nzito. Nimemwambia ilale ubavu, isipigwe jua, isitikiswe. Amesema ni mvinyo au ni bibi harusi?

Kichwa kinauma. Bi Maisara ameniruhusu kuingia. Amefukiza udi chumba kizima, na mimi nikiwa ndani.

Sabri amenifuata mkokotenini. Jana usiku mgeni mmoja alimuuliza ladha, na yeye akajibu ile ya zambarau na njaa na habari njema. Mgeni ameagiza chupa mbili. Amempa mkono. Sabri amesema kama ningekuwa nimesoma ningekuwa mtu hatari.

Jumapili, 19 Januari

Nimetoka kanisani nikijua kwamba Hombolo nao wametoka kanisani, na kwamba chupa inafunguliwa. Sikula. Merina amepiga saa nane.

Amenieleza yote. Baba yake amevaa koti. Ametandika kitambaa cha meza. Ameita majirani na mzee wa kanisa. Chupa imepitishwa mkono kwa mkono, kila mtu akagusa lebo. Hakuna aliyeweza kuisoma, wakaiheshimu zaidi. Mzee amemimina kidogo kwenye glasi, akanusa, akaonja, akafumba macho. Kimya. Mpaka kuku walisikika.

Halafu akasema: kumbe sisi miaka yote tumekuwa tukikamua matope.

Nimemwomba Merina arudie. Amerudia.

Mzee amesema hakuna haja ya kubishana, mtu mwenye ulimi anaijua tofauti tangu harufu. Jirani mmoja amesema umeteleza kooni kama hariri. Mzee wa kanisa amesema hata bahari ameisikia humo. Bibi yake Merina peke yake ameuliza mbona hizi ni zabibu za hapahapa. Wamemwambia bibi, umri huo, pumzika.

Mizabibu inang'olewa. Ng'ombe wa kuvuta mashina wamekodiwa, Jumatatu ya tarehe tatu Februari.

Kisha Mzee mwenyewe akachukua simu. Tangu nimwoe binti yake huniita "huyo." Anamuuliza Merina huyo amepiga? Huyo ametuma? Leo amesema: ahsante, mwanangu. Amesema nimemfungua macho kabla hajafa mjinga. Amesema mkwe wake kweli yuko hotelini, na kijiji kizima kimeona.

Nimesema ndiyo, baba.

Jumatatu, 20 Januari

Nimesukuma saruji siku nzima. Sikumbuki nilipita njia gani.

Nimempigia Merina, nikamwambia ukweli. Kwamba mvinyo ule ni wa Dodoma. Kwamba huenda zabibu zake zilitoka kwenye shamba lao wenyewe. Akauliza nilipokuwa nikifikiri hayo, kichwa nilikuwa nimemwachia nani anishikie.

Halafu akalia. Hajalia tangu siku niliyoondoka. Amesema ile mizabibu ya kando ya kisima aliipanda yeye na marehemu mama yake. Amesema hajali robo, hajali hoteli, ananitaka mimi nyumbani na mizabibu ikiwa ardhini. Amesema kumbe kazi ni rahisi, basi. Nimpigie baba leo. Nimwambie baba, ulichokisifu ni jasho lako. Sentensi moja tu. Atafurahi kuliko mtu yeyote Hombolo.

Nimeshika simu. Nimetafuta namba. Nimeitazama.

Atafurahi, ndiyo. Halafu atakumbuka alivyofumba macho mbele ya majirani. Halafu nitakuwa "huyo" tena, mpaka kaburini.

Nimezima simu kuokoa chaji.

Jumanne, 21 Januari

Nimepata dawa! Sijui kwa nini sikuiona mwanzo.

Kosa lilikuwa kwamba mvinyo ulikuwa mzuri. Mzee anaamini lebo. Vema, na aiamini. Nitampelekea chupa nyingine ya ng'ambo, yenye lebo kubwa zaidi, na ndani yake nitie kitu kibaya. Siki! Siki ya jikoni hotelini, na shubiri kidogo ya kuikazia. Ataonja mbele ya majirani walewale. Atatema. Atasema kumbe ile ya kwanza ilibahatisha, Wazungu hawajui kitu, turudi kwenye zabibu zetu. Shamba limepona, mimi nabaki "mwanangu", na hakuna aliyetahayari isipokuwa Wazungu, ambao hawatajua.

Merina sijamweleza. Atashangaa akiona.

Sabri amenipatia chupa tupu. Amesema hii bei yake si mbuzi wawili, ni zizi. Amenisaidia kumimina huku ameziba pua. Wakati wa kuziba aliniuliza swali la kijinga. Ameuliza, na Mzee akiisifu hii nayo? Nimecheka. Nani duniani anasifu siki?

Safari hii situmi mtu. Napeleka mwenyewe. Bi Rukaiya amenipa ruhusa ya wiki moja, ila si kabla ya mwisho wa mwezi. Bi Maisara ameahidi kunifungia mikate ya ufuta ya njiani na kuniombea dua, chupa ikinisubiri nje ya kizingiti. Boti Ijumaa ya mwisho wa mwezi, treni kesho yake alfajiri. Ng'ombe wasifungwe kamba, mtu asiguse shina hata moja. Jumamosi, tarehe mosi Februari, kabla jua halijazama, nitakuwa Hombolo, na chupa mkononi.