Mwenye Mti na Mwenyekiti

Krr. Kimya. Krr, krr.

Umeme ulikuwa umekatika Sekei nzima na binti yangu Sia alikuwa amenilalia mkono. Akainua kichwa gizani akaniuliza ni nani anakula saa hizi. Nikamwambia hakuna anayekula, alale. Nilisema kweli, kwa kadiri ya taarifa zilizokuwa mezani wakati huo.

Sasa niseme lililonileta. Kwa heshima na taadhima, naomba kuutangazia umma kwamba kata yetu ndiyo ya kwanza, kuanzia Arusha mjini hadi miteremko ya Mlima Meru, kumdhibiti mdudu mtoboa miti kabla mdudu mwenyewe hajapata habari. Kazi hiyo ilifanywa na Kamati ya Utambuzi, Udhibiti na Mapambano Arusha, kwa kifupi KUUMA, nami Mama Sia ndiye niliyekuwa katibu wake. Ukatibu niliusomea madarasa ya jioni, mtoto mgongoni, na jambo la kwanza tulilofundishwa ni kwamba muhtasari hauna maoni. Kwa hiyo hapa sitoi maoni.

Yote yalianza na waraka kutoka juu. Ulisema kuna mdudu mgeni, hatari, anayetaga kwenye gome la mialoni, na kwamba viluwiluwi, samahani, viwavi wake hutafuna chini ya gome mpaka mti unakauka ukiwa umesimama. Kata zichukue hatua stahiki.

Kikao cha kwanza kilishughulikia neno "mgeni." Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Abdiel, alieleza kwamba katika kata hii hajawahi kuja mgeni akakosa mapokezi. Tukaunda kamati ndogo ya mapokezi. Mzee Philemoni, ambaye ni mzee wa usharika na hapendi mambo ya kubahatisha, aliuliza kama mdudu atakuja kama mgeni rasmi au mgeni mwalikwa, maana viti vyao havipangwi pamoja. Ikaamuliwa afike kwanza.

Kikao cha pili kilishughulikia neno "mialoni." Bwana Shabani, mwuza vyombo vya plastiki aliyewahi kuishi Mwanza, alituhakikishia kwamba mwaloni ni soko la samaki, liko kando ya ziwa, na yeye mwenyewe amenunua dagaa pale. Hoja ilikuwa nzito. Tulikuwa tumeshaandaa ziara ya mafunzo ya Mwanza, ndipo Mzee Philemoni akakohoa na kutukumbusha kwamba Ibrahimu alikaa kwenye mialoni ya Mamre, na hatujaambiwa habari za samaki.

"Labda hawakuandika," akasema Shabani. "Mzee wangu, wewe ulikuwepo?"

"Ibrahimu ni mfugaji, Shabani. Dagaa awatoe wapi?"

Ziara ikafa. Shabani alinuna mpaka chai ilipoletwa.

Hivyo ikabainika kwamba mwaloni ni mti, na kwamba kata nzima inao mmoja tu. Ulipandwa zamani na mzungu wa misheni aliyekumbuka kwao, na uko kule juu, njia ya kwendea Akheri, kwenye kiwanja cha chekechea. Chekechea yetu ina mwalimu, Susana. Ina ubao. Ina watoto, mmoja wao Sia wangu. Chumba haina, chumba ni huo mti. Mvua ikiwa ndogo majani yanaizuia, ikiwa kubwa mwalimu anatangaza likizo.

Mwenyekiti akaiona fursa. Kata yenye mwaloni mmoja, alisema, ikiukata huo mmoja inakuwa imemaliza tatizo kwa asilimia mia, na hakuna kata nyingine inayoweza kutufikia.

Tukamwita Bibi Naserian, mtaalamu wa misitu kutoka mjini, aje akubali. Badala ya kukubali, akachunguza. Alilizunguka shina akitafuta vitundu vidogo anamotokea mdudu akishakomaa, vyenye umbo la herufi D. Akapekua mizizini akitafuta unga. Akatazama juu kama kuna matawi yaliyonyauka. Mwisho akajipangusa mikono akasema mti huu ni mzima kuliko sisi sote.

Mwenyekiti hakukasirika. "Mama mtaalamu," akamwambia kwa upole, "kamati hii haikuundwa ili ikose mdudu."

"Sasa mheshimiwa, mimi nimtoe wapi?"

"Hilo ni swali la kitaalamu. Sisi tuna la kiutawala."

Siku hiyo hiyo tukapitisha kanuni: kitu chochote cha mwaloni kitakachosikika kikitafunwa kiteketezwe palepale kilipo, na mwenye nacho akae karantini hapohapo, asisogee, mpaka mkaguzi aje kutoka makao makuu. Niliomba, kwa utaratibu, tuweke kifungu kidogo cha huruma kwa ajili ya watoto. Mwenyekiti akanijibu kwamba kanuni yenye mlango wa uani si kanuni.

"Hata kiwe cha nani, Mama Sia. Andika hivyo hivyo: hata kiwe cha nani."

Nikaandika. Jioni nilipokuwa namwosha Sia miguu akaniuliza mti ukikatwa watakaa wapi. Nikamwambia wakubwa wanalifikiria. Akataka kujua kama wakubwa wanao mti wao. Nikamwosha na mguu wa pili.

Hapa inanipasa nieleze habari ya kiti. Mwenyekiti, kama neno lenyewe linavyojieleza, sharti awe na kiti, na Mheshimiwa Abdiel alikuwa akisema kwamba anayekalia plastiki ni mwenyeplastiki. Basi marafiki zake wa ng'ambo wakamtumia kiti ndani ya kontena la mitumba. Kizito, cha kifahari, miguu yake ni magogo yaliyoachwa na magome yake kwa urembo. Alituambia ni mbao za oki. Oki halisi, alikuwa akirudia, huku akikipiga makofi mgongoni kama ng'ombe wa maziwa. Kwa kuwa paa la ofisi linavuja, kiti kilikabidhiwa kwa katibu, kikae sebuleni kwangu mpaka siku ya shughuli ya kuukata mti.

Tulikaa nacho vizuri. Hatukukikalia. Kila asubuhi nilifagia chini yake unga laini wa rangi ya tangawizi, nikaona ndivyo vumbi la ng'ambo lilivyo, safi. Sia alikuwa na tabia ya kuweka sikio kwenye mguu wa kiti kabla ya kunywa uji. Nilimkanya. Kiti cha mkubwa hakisikilizwi.

Siku ya shughuli ikafika. Turubai lilisimama, spika zikapiga nyimbo, na watoto wa chekechea wakapangwa kwenye nyasi na masweta yao ili waage darasa. Lengai, mkata miti, alikuwa tayari na msumeno wa injini na galoni la petroli. Vijana wanne walishusha kiti kutoka kwenye kirikuu, wakakiweka chini ya mwaloni, na Mwenyekiti akaketi kivulini.

Alihutubia vizuri sana. Kisha akasema kwamba, ili kanuni itimie, tuusikilize mti kwa dakika moja. Akaweka kipaza sauti kwenye mkono wa kiti, akafumba macho.

Spika zote nne zikasema: Krr. Kimya. Krr, krr.

Mwenyekiti akafumbua macho, uso umemng'aa. "Mmesikia wenyewe. Mti unatafunwa. Lengai, washa."

Mwalimu Susana akainamisha kichwa. Lakini Bibi Naserian alikuwa ameshafika kwenye shina. Akabandika sikio, akatikisa kichwa. Kisha akachuchumaa kando ya viatu vya Mwenyekiti, akapangusa kwa kidole unga wa rangi ya tangawizi uliokuwa umemwangukia kwenye kiatu cha kushoto.

"Mheshimiwa, hiki kiti ni mbao gani?"

"Oki. Oki halisi."

"Oki kwa Kiswahili ndiyo mwaloni."

Nyuma nikamsikia Shabani akimnong'oneza jirani yake kwamba bado yeye hajaridhika kuhusu samaki. Mzee Philemoni akavaa miwani na kuisoma kanuni kwa sauti ya ibada, neno kwa neno: kitu chochote cha mwaloni, palepale kilipo, hata kiwe cha nani. "Tulimfikiria mwenye mti," akasema. Akavua miwani. "Ila hapa naona ni mwenye kiti." Alilitamka kwa kulikata katikati, na mle katikati watu wengi wakaingia kucheka.

Lengai akauweka msumeno chini, akashika galoni.

"Taratibu," akasema Mwenyekiti. Hakusimama, maana kusimama kungekuwa kukiri. "Kilicholia ni mti. Kiti hiki kimelala kwa katibu wetu mwezi mzima. Mama Sia, dada yangu, wewe ni msomi na una kazi yako nzuri. Waambie wananchi. Umewahi kusikia kiti hiki kikifanya nini?"

Kiwanja kizima kikanigeukia. Nilimtazama mwalimu, na ubao ulioegemezwa kwenye shina, na mwanangu aliyekuwa amekaa mstari wa mbele, soksi moja juu, moja chini. Madarasa ya jioni tulifundishwa kwamba katibu hajibu, katibu hunukuu.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," nikasema, "naomba aseme yeye aliyesikia wa kwanza. Mimi nitanukuu."

Nikakichukua kipaza sauti pale kwenye mkono wa kiti, nikapiga magoti kwenye nyasi, nikamshikia.

Sia akafikiri kidogo. "Kiti kinakula."