Ukurasa Ambao Lubbert Aliuruka

Lubbert Kranendonk aliiona riziki yake akiwa kwenye foleni ya samaki. Alikuwa amesimama sokoni Rotterdam akisubiri heringi wake wa Jumanne, yule samaki mdogo anayeliwa mbichi, na mbele yake wastaafu wawili walikuwa wanamsengenya jamaa wa Schiedam aliyeagiza taa za bustani kutoka China na sasa anaendesha gari lisilo na paa.

"Taa tu," alisema wa kwanza. "Anakaa jikoni, anabonyeza simu, kontena linakuja lenyewe."

"Na shule hana," alisema mwenzake. "Nilisoma naye. Hata kamba za viatu alikuwa anafungiwa."

Wote wawili wakatazama viatu vyao. Lubbert aliujua mtazamo ule. Ni mtazamo wa mtu mwenye akiba benki anayeumia kuona mjinga amemtangulia. Alimshika heringi mkia, akainua kichwa, akamshusha kooni kwa adabu kama wafanyavyo watu wote wa huko, na kabla hajaufikia mkia alikuwa ameshapata jina: Akademia ya Kranendonk ya Biashara ya Kimataifa. Kufika jioni alikuwa ameshajitunuku na udaktari. Udaktari wa nini, hakuna aliyeuliza. Alikuwa na suti ya bluu na miwani yenye mnyororo, na kwa watu wengi hiyo inatosha.

Alikodi chumba juu ya duka la baiskeli. Alinunua kitabu kikuukuu cha biashara ya nje, akakitoa fotokopi, akabandika picha yake kwenye jalada. Masomo manane, kila Jumatano saa nane mchana, pamoja na kahawa, biskuti na cheti chenye muhuri wa dhahabu. Walijiandikisha watu kumi na wanne.

Ada ilikuwa ya kulipia chumba tu. Windo lenyewe lilikuwa baharini. Lubbert alikuwa ameuza nyumba aliyoachiwa na shangazi yake, akanunua kontena moja la pilipili manga kutoka Vietnam. Pilipili ya kweli, meli ya kweli. Kila alichokuwa nacho duniani kilikuwa ndani ya magunia yale, na alikusudia kuyauza mara tatu.

Njia alipewa na wenye meli wenyewe. Tangu enzi ambazo barua zilikuwa zinazama pamoja na waliozibeba, hati ya shehena hutolewa tatu, zote halisi, zote na saini. Anayeishika hati ndiye mwenye mzigo. Lakini ya kwanza kufika kwa wakala wa meli ndiyo inayochukua mali, na zile mbili zilizobaki zinakufa papo hapo, hazifai hata kufungia samaki. Lubbert angeuza hati mbili kwa watu wawili wasiojuana siri, kila mmoja atoe arbuni nene, kisha yeye awahi na ya tatu. Mnunuzi akipiga simu kwa wakala kuulizia, ataambiwa hati ni halisi, na ataambiwa ukweli. Ni utapeli safi, usiohitaji kughushi hata nukta.

Kasoro ilikuwa moja. Habari hiyo yote ilikuwa kwenye ukurasa wa kumi na moja wa kitabu chake.

"Huu tunauruka," alisema siku ya somo la tatu. "Ni mambo ya kale. Fungueni wa kumi na mbili."

Mkono ulinyooka mstari wa mbele. Ulikuwa wa Sjoukje Wiarda, mjane wa nahodha wa boti ya kuvuta meli, mwanamke wa Friesland mwenye miaka sitini na minane na daftari lililopigwa mistari kwa rula.

"Kwa nini tunauruka, Bwana Daktari?"

"Hautatusaidia, Mama Wiarda."

"Nimeulipia."

"Basi utausoma nyumbani."

"Nitausoma." Akaandika. "Na jambo jingine. Tangazo lilisema kahawa na biskuti. Nimepata biskuti moja, halafu kopo likafungwa."

"Kwako mgeni anapata ngapi?"

"Moja. Lakini mimi sitozi ada."

Darasa likacheka, na Lubbert akacheka nao. Alipaswa kuzima taa siku ile ile na kurudisha ada za watu. Lakini tapeli akishaanza kuitwa Daktari, masikio yake huziba.

Basi akaendelea, na kusema kweli alifundisha vizuri. Aliwafundisha kuhesabu gharama za bima, kumtafuta wakala wa forodha, kuulizia cheti cha afya ya mimea. Alikuwa anasoma usiku ili awatangulie ukurasa mmoja. Hakuna profesa mjini aliyewahi kuwahangaikia wanafunzi namna ile.

Baada ya somo la saba alimvuta kando Rijk Stamperius, muuza magari mstaafu mwenye shingo nene, aliyejulikana kwa kuyapunguzia umri magari ya watu kwa bisibisi, akirudisha nyuma mita ya kilomita.

"Nina kontena la pilipili, linauzwa nusu bei," alimnong'oneza. "Sijamwambia mtu."

"Nusu kwa nini? Imeoza?"

"Nina haraka ya pesa. Toa arbuni, hati hii hapa ubaki nayo. Salio utanipa mzigo ukifika."

Stamperius alimpigia wakala simu palepale, akaambiwa hati ni halisi. Akalipa huku akimhurumia Daktari kwa upole wake.

Kesho yake ikawa zamu ya Mama Wiarda. Huyu aliisoma hati mbele na nyuma kwa kioo cha kukuzia.

"Kwa nini unaniuzia mimi?"

"Wewe ndiye mwanafunzi wangu bora."

"Hilo kweli," alisema bila haya. "Hapa chini pameandikwa zimetolewa tatu. Nyingine ziko wapi?"

"Moja benki, moja kwenye kabati la chuma. Utaratibu tu."

"Utaratibu," alirudia Mama Wiarda. Aliikunja hati, akatoa arbuni.

Wiki iliyofuata Lubbert akawatangazia wote wawili kwamba meli imekwama kwa dhoruba huko Ghuba ya Biskaya, itafika Alhamisi ya wiki ijayo. Ukweli ni kwamba ilikuwa inafika Alhamisi ya wiki hii. Ijumaa angeweza kuwa na pilipili yake Antwerp, amekwisha kuuza, amekwisha kuhama. Lakini kukodi lori Ijumaa kulikuwa ghali kuliko Jumatatu kwa euro sitini. Lubbert aliyehatarisha nyumba ya shangazi bila kupepesa jicho alizitazama zile sitini, akajikuna shingo, akaweka oda ya Jumatatu. Damu ya kwao Uholanzi, ya watu wa kubana senti, ilikuwa imeongea.

Sasa, Mama Wiarda aliishi Maassluis, na Maassluis watu wana starehe yao. Wanakaa kwenye ukingo wa mto na viti vya kukunja, chupa ya kahawa na darubini, wanatazama meli zinazoingia Rotterdam, na kila meli wanaitaja kwa jina kama jirani anayepita. Alhamisi asubuhi ikapita meli ya bluu yenye jina lililokuwa kwenye hati.

"Si ulisema hii itafika wiki ijayo?" aliuliza mzee wa kiti cha pili.

"Imesukumwa na dhoruba," alijibu Mama Wiarda, akakunja kiti chake.

Jumatatu saa tatu asubuhi, Lubbert alisimama kwenye kaunta ya wakala wa meli na hati yake ndani ya mkoba wa ngozi. Nje, lori lilikuwa linanguruma. Karani, mwanamke mwenye mafua, aliitazama hati, akaitazama kompyuta.

"Limeshatoka."

"Limetoka kwenda wapi?"

"Getini. Ijumaa, saa nane. Forodha safi, kila kitu safi. Bibi wa watu alikuja na karatasi zote amezipanga kwa rangi."

"Lakini hati ninayo mimi."

"Na yeye alikuwa nayo. Hiyo yako sasa ni karatasi tu, bwana. Ni jambo la kawaida, lipo kwenye kila kitabu. Kwani hukusoma?"

"Nafundisha," alisema Lubbert.

"Ah. Pole." Karani akapenga kamasi, akamsogezea bahasha. "Aliona lori lako limeandikishwa hapa kwa Jumatatu, akasema utakuja."

Ndani mlikuwa na barua iliyoandikwa kwa mistari iliyonyooka.

"Bwana Daktari, ukurasa wa kumi na moja ni mzuri kuliko yote, ungeufundisha. Pilipili iko Deventer kwa shemeji yangu, anatengeneza soseji. Salio lako ninalo, njoo ulichukue nyumbani kwangu Jumatatu saa nne. Nimemwalika Bwana Stamperius, atakuja na hati yake, na askari wa mtaa wetu, anayependa sana kujifunza mambo ya biashara. Njoo na cheti changu. Kahawa itakuwepo. Biskuti, kila mtu moja."

Lubbert alitoka nje polepole.

"Tunapakia nini?" aliuliza dereva.

"Mimi," alisema Lubbert, akapanda. Lori lilikuwa limelipiwa kutwa nzima, na tangu asubuhi ile halijapatikana jibu la alikoshukia.

Saa nne ilipita. Mama Wiarda alingoja hadi saa tano kwa heshima, kisha kutoka kwenye salio akamrudishia Stamperius arbuni yake, akafunga kopo. Wiki mbili baadaye ikaja bahasha kubwa kutoka nchi ya nje. Ndani kulikuwa na cheti chake, muhuri wa dhahabu, alama za juu kabisa. Stempu zilikuwa pungufu, ikabidi alipie tofauti yeye mwenyewe. Alinung'unika siku nzima, kisha akakitundika cheti chooni, kando ya kalenda ya siku za kuzaliwa ambayo kwao hutundikwa humo, mahali ambapo kila mgeni atakaa na kukisoma hadi mwisho.