Kilo Nne za Shahada

Wananchi wote wa Kata ya Nyamihoza walitangaziwa, mwezi Agosti mwaka 1998, kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mwana wala binti wa kata atakayekwenda kusoma shahada yoyote kabla shahada hiyo haijajulikana uzito wake. Tangazo lilibandikwa kwenye ofisi ya kata, kwenye ghala la kahawa, na kwenye mlango wa kilabu cha rubisi, mahali ambapo matangazo husomwa kwa makini zaidi. Chini palikuwa na mhuri, na jina la Bwana Egbert, Mtendaji wa Kata, ambaye siku hiyo alitembea kama mtu aliyelifanyia taifa jambo.

Chanzo kilikuwa waraka kutoka Kayanga, makao makuu ya wilaya. Waraka uliagiza watendaji wawasaidie wazazi kulinganisha mapato na madeni kabla ya kupeleka watoto vyuoni. Haukusema kwa fomu gani. Egbert alikuwa karani wa kahawa miaka kumi na mmoja kabla ya kupanda cheo, na fomu aliyoiamini maishani ilikuwa moja tu, ile ya kupokelea kahawa ya mkulima: uzito ghafi, toa gunia, toa unyevu, toa takataka, kinachobaki ndicho chako. Alifuta neno "kahawa", akaandika "shahada", na Kamati aliyoiunda ya kupima shahada ikawa imepata mwongozo.

Wa kwanza kuitwa mbele ya Kamati alikuwa Costansia, binti wa Nyirabahire, mjane mwenye shamba la kahawa na migomba ng'ambo ya mto. Binti huyu alikuwa msomaji wa kupindukia. Hata karatasi iliyofungia chumvi aliisoma kwanza, ndipo akaimwaga chumvi. Sasa amemaliza kidato cha sita, amepata nafasi ya kusoma mawasiliano kwenye chuo kikuu kimoja Mwanza. Ada na matumizi vilikuwa laki nne kwa mwaka, kwa miaka mitatu, na chuo kilikuwa kinafunguliwa mwezi Oktoba.

"Shikamoo, Mtendaji."

"Marahaba, binti. Kaa. Mwombaji ataieleza Kamati anataka kuwasiliana na nani."

"Nataka kutangaza bei ya kahawa redioni," alisema Costansia. "Bei inabadilika kwenye mnada wa Moshi wiki hii, sisi tunaisikia mwezi ujao, tumeshauza."

Wajumbe walitazamana. Polikarpi, karani wa mizani wa chama cha msingi, ambaye Jumamosi aligeuka kuwa karani wa mikopo wa chama cha akiba, aliuma kalamu akauliza uzito ghafi ni kiasi gani.

"Mwanamawasiliano hulipwa elfu themanini kwa mwezi," alisema Egbert, ambaye hakuwa amemuuliza mtu yeyote. "Kila elfu moja ni kilo moja. Andika themanini. Toa gunia, yaani chumba cha kupanga mjini, thelathini. Toa unyevu, yaani nguo na nywele, maana kazi yake ni kuonekana, kumi na tano. Toa takataka, yaani ndugu, ishirini."

"Na deni?" aliuliza Polikarpi. "Milioni moja na laki mbili, akikopa akalipa kwa miaka tisa, ni kama kilo kumi na moja."

"Toa. Imebaki nini?"

"Kilo nne."

Wajumbe walitikisa vichwa kwa heshima ya hesabu. Polikarpi aliuliza kama ni halali kupitisha mtoto wa mtu kwenye fomu ya kahawa. Egbert alimpa jibu la kiutawala papo hapo, akaamuru liandikwe kwenye muhtasari: "Kamati imeridhia kwamba, kwa madhumuni yote, shahada itahesabiwa kuwa zao." Aligonga mhuri mara mbili, kwa sababu wa kwanza haukukolea. Mwombaji akashauriwa kwenda kusomea ualimu wa shule ya msingi. Costansia alitoka, akalia mpaka alipofika mtoni, ndipo akanawa uso ili mama yake asimwone.

Fedha ingeweza kupatikana kwa njia ya zamani. Kahawa ya Nyirabahire ilikuwa imetoa maua mazuri, na tajiri mmoja wa Omurushaka alikuwa tayari kuinunua papo hapo ikiwa bado maua, kwa bei ya kutupa. Huko ndiko kunakoitwa butura: mwenye shida anauza leo kitu ambacho bado hakijazaa, na mwenye fedha anasubiri mavuno akiwa ameketi. Lakini butura ilikuwa imepigwa marufuku na Tangazo Namba Nne, lake Egbert huyohuyo. Mnunuzi wa butura atapoteza fedha aliyotoa, na zaidi atamlipa mwenye zao faini mara mbili ya fedha hiyo. Kipengele cha faini hakikutoka kokote. Egbert alikiongeza mwenyewe katikati ya hotuba alipoona watu wameanza kusinzia, na makofi yalikuwa mengi mno hata akashindwa kukiondoa.

Sasa ni lazima tueleze, kwa haki, kilichomsukuma Mtendaji kwenda ng'ambo ya mto wiki iliyofuata. Alikuwa amerudi kutoka Bukoba na gazeti. Katika gazeti hilo shirika moja lilikuwa linatafuta afisa mawasiliano mwenye shahada, mshahara laki tatu na nusu kwa mwezi. Egbert alilisoma tangazo mara tatu, akalikunja, akalitia mfukoni ili lisije likawachanganya wananchi. Kisha moyo ukamjaa huruma. Akachukua laki nne alizokuwa ameweka za kununulia bati. Kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha, na fedha ya mtu haiachwi ilowe, alizifunga kwa gazeti lililokuwa mfukoni.

Nyirabahire alimkaribisha, akamwekea kahawa ya kutafuna. Egbert aliweka kifurushi mezani, akafungua Hati ya Makubaliano ya Ushirikishwaji wa Awali katika Mapato Tarajiwa, akaanza kuisoma kwa sauti ya kanisani.

"Mtendaji," alisema Nyirabahire, "mimi Kiswahili changu ni cha sokoni. Niambie kwa ufupi."

"Mama, natoa laki nne leo. Binti akiajiriwa, nusu ya mshahara wake ni yangu kwa miaka minane."

"Mshahara ambao bado haujaota?"

"Ambao haujaota. Hasara yote naibeba mimi."

Costansia hakuwa anasikiliza. Alikuwa amekifungua kifurushi, ameweka noti pembeni, na anasoma gazeti. Alisoma ukurasa mmoja, akarudia sehemu moja, akakunja karatasi polepole. Alimtazama mama yake, akamwambia maneno machache kwa Kinyarwanda, lugha ya nyumbani kwao. Mama akakohoa kwenye kitenge.

"Tunakubali, Mtendaji," alisema Costansia. "Ila tupate nakala mbili, kila moja na mhuri. Wewe ndiye uliyetufundisha thamani ya mhuri."

Egbert aliguswa. Mhuri alitembea nao. Njiani kurudi alipiga hesabu akitembea, nusu ya laki tatu na nusu kwa miezi tisini na sita, akapata milioni kumi na sita na ushee, wala hakusikia mvua.

Alhamisi ya wiki hiyo ikafika, siku ya mkutano wa hadhara. Bi Kemirembe, Afisa Ushirika wa Wilaya, alikuja kukagua vita dhidi ya butura. Uwanja wa ghala ulijaa. Egbert alisoma Tangazo Namba Nne lote pamoja na faini, akafuta miwani, akasema: "Mwenye butura ya kuripoti asimame bila hofu. Muuzaji hataguswa."

Costansia alisimama. Akatoa shikamoo kwa wote, akafungua hati, akasoma toka juu mpaka mhuri. Alisoma vizuri, kwa vituo, na watu wa nyuma kabisa walisikia kila neno.

"Mheshimiwa!" alisema Egbert. "Butura ni ya mazao. Shahada si zao!"

Polikarpi alikuwa tayari ameshafungua daftari la muhtasari. "'Kamati imeridhia kwamba, kwa madhumuni yote, shahada itahesabiwa kuwa zao,'" alisoma. "Mhuri umegongwa mara mbili, Mheshimiwa."

"Huu ulikuwa msaada," alisema Egbert. "Nilimwonea huruma."

Bi Kemirembe aliichukua fomu ya Costansia iliyokuwa ndani ya daftari, akaipitia bila haraka. "Hapa umeandika kilo nne. Mtendaji, kwa kilo nne za mwezi wewe unatoa laki nne, upate nusu ya kilo hizo? Hebu nieleweshe."

"Gazeti alilofungia fedha litakuelewesha," alisema Costansia, akampa.

Bi Kemirembe alisoma. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtumishi wa umma na ulikuwa mkutano wa hadhara, akasoma tena kwa sauti. Watu walicheka mpaka mlinzi wa ghala akafungua geti akidhani wanataka kutoka. Nyirabahire hakucheka. Alikuwa amemshika binti yake mkono.

Hukumu ilikuwa fupi, maana ilikwisha kuandikwa. Mnunuzi amepoteza laki nne. Faini ni mara mbili, laki nane, kwa mwenye zao. Jumla ni milioni moja na laki mbili, ada na matumizi ya miaka mitatu, bila deni hata senti. Bi Kemirembe alimpongeza Mtendaji kwa kuwa wa kwanza wilayani kulitekeleza tangazo lake mwenyewe kikamilifu, akamwomba aandike taarifa.

Laki nane Egbert hakuwa nazo. Jumamosi asubuhi alikwenda chama cha akiba kuomba mkopo. Polikarpi alimkaribisha vizuri, akamvutia kiti, akatoa fomu moja iliyofutwa neno juu.

"Tuanze na uzito ghafi, Mtendaji," alisema. "Mshahara wako ni kilo ngapi, kabla hatujatoa gunia?"