Pasta Asipewe Shamba, Maana Anaweza Kufa

Masara, Suna
Oktoba 1968

Bwana Afisa wa Kupima Mashamba,

Nakusalimu kwa heshima na taadhima. Mimi ni mzee wa kanisa hapa Masara, na nakuandikia kwa uchungu mwingi. Nasikia wiki ijayo utakuja kuliandikia kanisa letu hati ya shamba la Mama Bathsheba. Mjane huyu na shemeji zake wameamua kulitoa ili kila pasta atakayeletwa hapa apate pa kulima, kwa kuwa mshahara wake hautoshi hata sabuni. Tayari wamemwachia Pasta Mwikwabe alime msimu huu, na madhara yake tumeyaona. Naomba uyasome kabla hujashika kalamu.

1. Mahubiri yamekuwa marefu. Pasta alipokuwa na njaa alihubiri kwa ufupi na kwa machozi, nasi tukawahi nyumbani. Sasa ameshiba maharagwe, anasimama mpaka jua la utosi. Na akiomba mvua, nashuku anayaombea maharagwe yake.

2. Watoto wake. Zamani mgeni akiingia kanisani aliwatambua watoto wa pasta mara moja, kwa mbavu. Siku hizi mkewe, Truphena, anawalisha mpaka wanafanana na wetu. Tutajuaje kwamba baba yao ameacha ya dunia?

3. Hili limeniuma zaidi. Pasta alikuwa akila kwangu karibu kila jioni, na mtu akila kwako anajua la kusema na la kunyamazia. Sasa mke wangu Jerusha akimkaribisha, anashukuru, anaomba, kisha anaenda zake kula kwake. Na juzi alisimama mbele ya kanisa akasema kuna mtu anayelisha ng'ombe wake katika shamba la mjane bila ruhusa. Hakutaja jina. Alinitazama tu, na kanisa zima likageuka kutazama alikotazama. Niliona aibu, Bwana Afisa, na hasira pia. Ng'ombe wangu wamelizoea shamba lile tangu mume wa Bathsheba alipofariki. Kuwaondoa ghafla ni kuwatesa wanyama.

4. Jambo kuu ni kwamba pasta anaweza kufa. Leo ana afya, lakini binadamu ni binadamu. Akifa atazikwa hapo shambani, na wewe unazijua desturi za huku: palipo na kaburi la baba, nani atathubutu kuwaondoa wanawe? Kesho kutwa tutakuwa na ukoo mzima wa Mwikwabe, Wakuria watupu, wakituonyesha kaburi.

Kwa hiyo naomba hati isiandikwe. Ikiwa ni lazima, liwekwe sharti kwamba pasta haruhusiwi kufia hapa. Akishikwa na homa kali, apandishwe punda mara moja arudishwe kwao mpakani. Punda nitamtoa mimi, bure, kwa upendo wa Kikristo. Au kwa urahisi zaidi, liandike shamba kwa jina langu. Nitalitunza, na pasta atapata kikapu cha maharagwe kila mwezi, kulingana na mahubiri.

Wasalimie wote ofisini, hasa karani aliyenipa kiti nilipokuja, na watu wa nyumbani kwako pia. Jerusha anawasalimu.

Ni mimi, wako katika imani,
Jared Mayaka
Mzee wa Kanisa

Nilisahau: ukifika, tafadhali anza na shamba langu, maana kuna majirani wanaonung'unika kwamba sisi ni watu wa kuja kutoka Kisii. Karatasi sina, lakini usiwe na wasiwasi, nitakupeleka kwenye kaburi la baba. Alikuja huku kuhubiri Injili, hana hata pa kulala, na baba mkwe wa huyu Bathsheba akamwonea huruma, akampa mahali pa kupanda wimbi la kula. Tulimzika hapo hapo. Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kutugusa.